Uyoga wa porini: nani alikufundisha kuuchuma? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Mvua za kwanza zimeanza huku Mafinga na kando ya barabara kina mama wameshatoka na ungo zao, kwa hiyo nafungua uzi huu. Naomba kila mmoja aeleze aina anayoijua vizuri, nani alimfundisha, na kama aliwahi kukosea aseme bila aibu. Kuna wenzetu wanachuma kwa kubahatisha.

Mimi naanza. Nilifundishwa na bibi mzaa mama, na kwa miaka miwili ya mwanzo kazi yangu ilikuwa kubeba ungo tu. Tulikuwa tunatoka alfajiri kwenda kwenye kichuguu nyuma ya shamba la mahindi. Uyoga wa kichuguu una kichwa chenye ncha katikati kama chuchu, na mguu wake hauishii juu ya udongo. Bibi aliusukasuka taratibu, anauvuta huku anauzungushia vidole, na mzizi unatoka mrefu kuliko mkono wangu wa wakati ule, mweupe, umepakaa udongo. Mzizi ule unashuka hadi kwenye vyumba ambako mchwa wanaulisha uyoga majani na vijiti walivyotafuna. Ni shamba lao. Ndiyo maana bibi hakuruhusu jembe pale. Alisema ukibomoa leo, mwakani utakula mboga nyingine.

Mtu wa Urambo
Kwetu Tabora ni ule wa njano, rangi ya kiini cha yai la kienyeji, unaota chini ya miombo na mitundu. Mama alinifundisha kuupindua. Chini hauna karatasi zinazoachana kama kurasa za kitabu, una mikunjo iliyoshikana na nyama yenyewe, inateremka hadi kwenye mguu. Harufu yake tamu kidogo, ya tunda. Tulikuwa tunauza mafungu barabarani, tunaobaki nao tunapika kwa karanga za kutwanga.

Kinachoniuma ni hiki: sehemu aliyokuwa anachuma mama, miti imekatwa ikaishia kwenye mabani, yale mabanda ya kukaushia tumbaku. Uyoga ule unaishi na mizizi ya ile miti, unapeana nayo chakula. Mti ukiondoka na wenyewe unaondoka. Nimerudi pale misimu mitatu, sijaona hata mmoja.

Mhamiaji Dar
Nitasema langu, lilinitokea kweli. Nimekulia Njombe, uyoga wa kichuguu naujua tangu utoto. Nikahamia Dar, mvua ya masika ikanyesha, nikaona kwenye nyasi za uani uyoga mweupe, mkubwa kama sahani, una magamba ya kahawia juu. Nilifurahi kama nimekutana na ndugu. Sikujiuliza kichuguu kiko wapi. Nikakaanga na kitunguu, tukala mimi na mdogo wangu. Hayakupita masaa mawili, matapiko na kuharisha kwa zamu, tukakesha hospitalini na dripu.

Siku ya tatu nikaenda kuutazama uliobaki uani. Ile iliyokomaa, chini ya kofia ilikuwa imegeuka kijani cha kufifia. Michanga bado ni myeupe, na ndiyo niliyochuma. Baadaye nikajua unaitwa Chlorophyllum molybdites, unapenda sana bustani za nyasi.

Tabibu wa wilayani
Pole sana. Wewe ulitapika mapema, na kwa namna fulani hiyo ni nafuu. Uyoga mbaya zaidi ni ule unaonyamaza. Mtu anakula jioni, analala vizuri, tumbo linaanza baada ya saa 6, 12, au hata zaidi. Anaharisha, halafu anapata nafuu, ndugu wanamshukuru Mungu na kumrudisha nyumbani. Wakati huo ini linakufa. Nawasihi: akipata nafuu msimrudishe. Na njooni na mabaki, hata maganda yaliyo jalalani, pamoja na kila aliyekula chungu kile hata kama hajisikii chochote.

Mambo ya kijiko cha fedha kubadilika rangi, au kwamba ukiona funza wameula basi ni salama, si kweli. Na sumu ile haiondoki kwa kuchemsha.

Binti wa Songea, niko Ujerumani
Tabibu umenikumbusha. Kwetu tunakula uyoga mmoja mweupe unaotokea kwenye mfuko, kama yai lililopasuka, na mfuko unabaki shinani. Mtamu mno. Vuli yangu ya kwanza huku nikapita chini ya mialoni nikaona mfuko uleule. Kofia ina ukijani kidogo, nikasema ni hali ya hewa. Nilishajaza mfuko wa plastiki nilipokutana na jirani, bibi wa miaka kama 70. Alinishika mkono, akaumwaga wote chini, akakanyaga. Ulikuwa Amanita phalloides, ule anaousema Tabibu. Nilisoma kwamba mwaka 2015 wakimbizi waliofika huku waliponzwa na huohuo, wakidhani ni wa kwao.

Sasa huku nachuma aina moja tu, aliyonionyesha yule bibi, tena nikiwa naye.

Mtu wa Urambo
Dada, hapo kwenye mfuko nimesisimka. Mwenye mada, swali: wa kichuguu mnaukausha?

Mwanzisha mada
Tunaupasua kwa mkono, mzizi tunakwangua kwa kisu, tunaanika kwenye ungo siku mbili za jua kali hadi ukivunjwa ulie. Ukiwa bado laini usiweke kwenye debe, utaota ukungu.

Jana usiku imenyesha tena. Kesho alfajiri nakwenda na binti yangu, ana miaka saba. Ungo atabeba yeye.