Je, ni lazima tuthibitishe hasara ndipo tushtaki kiwanda?

Mkazi wa Obunga, Kisumu: Wenzangu, kila usiku mvua inyeshapo, kiwanda kimoja jirani hufungulia maji meusi yenye povu yanayoelekea ziwani, na kulipokucha ndoo zetu huwa na utando wa mafuta. Tunaweza kushtaki kabla ya mtu kuugua?

Wakili mstaafu: Mnaweza. Ibara ya 70 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 humruhusu mtu yeyote kudai mahakamani haki ya mazingira safi iliyomo katika Ibara ya 42, bila kuonyesha kwamba yupo aliyepata hasara au madhara.

Mvuvi wa Dunga: Hata hivyo, iandikieni NEMA, mamlaka ya kitaifa ya kusimamia mazingira, kwanza, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 humtaka mwenye kiwanda awe na leseni ya kumwaga majitaka, nanyi mbaki na nakala ya barua yenu iliyogongwa muhuri. (Sisi tulipoteza yetu, tukaanza upya.)