Ziara ya Kifaransa: wanafunzi wamerudi na selfi tu, nifanyeje?

Mwalimu_Mbagala

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za jioni.

Nafundisha Kifaransa kidato cha pili, shule ya serikali huku Mbagala. Watoto 41, vitabu 6. Mwezi uliopita, baada ya kumbembeleza mkuu wa shule tangu Januari, niliwapeleka Upanga kwenye kituo kimoja cha utamaduni wa Kifaransa. Kila mzazi alichanga elfu saba, tukakodi Coaster mbili. Saa moja na nusu asubuhi tukaondoka, saa tatu bado tuko kwa Azizi Ally kwenye foleni. Tulipofika tukapokelewa na kijana wa Kitanzania, mcheshi kweli, akatutembeza jengo zima kwa Kiswahili. Tukawekewa filamu fupi yenye maandishi ya Kiingereza chini, watoto wakasoma maandishi. Wakala krepu (vile vichapati vyao laini), wakapiga selfi, tukarudi.

Jumatatu nikauliza darasani: nani alitamka neno moja la Kifaransa kule? Mkono mmoja tu. Binti alisema "merci", tena alimwambia dereva wa Coaster. Nilicheka, lakini iliniuma.

Sasa mkuu wa shule amesema safari nyingine nisahau, wakaze mitihani ya miaka iliyopita. Simlaumu. Ila mimi mwenyewe Kifaransa hakikunikaa kwa kitabu. Kilinikaa Kigoma, likizo kwa shangazi, ambaye alikuwa na mpangaji mwalimu kutoka Burundi. Nikimwomba kalamu kwa Kiswahili anajifanya hasikii. Nikimwomba kwa Kifaransa kibovu, napewa. Wiki tatu za hivyo zilinisaidia kuliko mwaka mzima darasani.

Nikibana sana naweza kupata Jumamosi moja, bila Coaster, na watoto wachache. Niwapeleke wapi? Nawasilisha.

Dalali_Mtaa_wa_Kongo

Mwalimu, pole. Hao wazungumzaji uliowafuata Upanga mimi ninao Kariakoo kila siku, na hakuna kiingilio.

Mimi dalali wa vitenge, Kifaransa changu nimekiokota barabarani: bonjour (habari), combien (bei gani), c'est trop cher (ghali mno), na lile la muhimu kuliko yote, dernier prix (bei ya mwisho). Tahadhari moja. Mteja wa Lubumbashi akikuona tu anahamia Kiswahili, tena kile cha kwao kitamu, kwa hiyo huyo hakufai. Mtafute wa Kinshasa. Au Mngazija, lakini Mngazija ukimwanza kwa Kiswahili umekwisha, hatatoka humo.

Jingine, watoto waambiwe mapema: Wakongo sabini wanasema septante, na tisini nonante, kama Wabelgiji waliowatawala. Hakuna aliyenifundisha hilo. Siku moja mama wa Kinshasa ananiambia "nonante mille" kwa furushi, mimi nasikia neuf mille, elfu tisa. Nikapandisha sauti, mama unanidharau, toka! Mwenzangu akanikanyaga mguu. Kumbe anatoa elfu tisini, na mzigo wenyewe nilikuwa nauachia kwa themanini na tano.

Mtoto_wa_Gongolamboto

Mimi nilisoma Kichina, sio Kifaransa, ila shida ni ileile. Mwalimu wetu alitupeleka mara moja tu, kwenye makaburi ya wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa kujenga TAZARA, hukuhuku Gongo la Mboto. Historia ya reli (1970 hadi 1975, kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, Zambia) aliimaliza kwa dakika mbili. Kisha akagawa vikaratasi vyenye alama tatu tu: mwaka, mwezi, siku. Kila mtu achague kaburi lake, anakili tarehe, aisome kwa sauti. Usipoisoma, huondoki.

Alama ya siku ni kama dirisha la vioo viwili, kimoja juu kimoja chini. Ya mwezi ni dirisha hilohilo lililoota miguu. Nilichuchumaa pale juani mpaka magoti yakauma, na tangu siku ile sijawahi kuzichanganya. Darasani nilizichanganya muhula mzima.

Kwa hiyo Upanga sio tatizo, mwalimu. Mngepewa hata kazi moja isiyofanyika bila Kifaransa, mngerudi na kitu.

Mama_Tabata

Mimi nazungumza kama mzazi. Kariakoo Jumamosi na watoto wa watu? Nani atawashika mikono? Na wenye maduka watawavumilia watoto wasionunua kitu? Dalali, wewe unaongea hivyo kwa sababu huna barua ya ruhusa ya kusaini.

Nyumba ninayopanga kuna mama wa Kikongo anasuka nywele. Yule hawezi kusuka bila kuongea, na Kiswahili chake cha kuomba maji tu. Binti akikaa mbele yake kwa muda wa saa nne atatoka na rasta na Kifaransa. Ni mawazo yangu tu.

Mwalimu_Mbagala

Nashukuruni wote. Mrejesho.

Mama Tabata alinitisha, kwa hiyo nilichukua watoto wanne tu, kila mmoja na barua ya mzazi, na saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye fremu ya dalali kabla umati haujaingia. Kikaratasi nilichukua wazo la Gongo la Mboto: muulize mteja ametoka mji gani, anasemaje 70 na 90, na leo amekuja kununua nini. Kiswahili marufuku mpaka kikaratasi kijae.

Saa nzima ya kwanza hakuna kitu. Watu wawili wa Lubumbashi, kama mlivyosema, wakaanza "mambo mtoto" na mchezo ukaisha. Wa tatu mzee wa Kingazija, sabini akawapa soixante-dix, safi kama ilivyo kwenye kitabu chetu. Kisha mama mmoja wa Kinshasa, septante. Mvulana wangu mmoja akamsahihisha! Mama akaweka mifuko chini, akamshika bega, akamhesabia kutoka sitini hadi mia moja, polepole, yeye akirudia. Dalali akasimamisha biashara kusikiliza.

Kwenye daladala walibishana mpaka Mbagala nani kati ya mzee na mama yuko sahihi, na kondakta naye akaingilia. Yule binti wa "merci" ndiye aliyekuwa na kikaratasi kilichojaa kuliko wote.

Mkuu wa shule bado hajasema ndiyo, ila jana kaniuliza septante ni nini.

Dalali, soda zako nne nakumbuka. Mama Tabata, naomba namba ya msusi kwa ujumbe wa faragha, na uniambie anasuka kwa shilingi ngapi.