Steji, kituo au hatua? Kibao cha boda kimetugawanya

Mwanzisha mada, Kisumu

Wiki iliyopita tulikuwa na kikao kidogo mtaani, huku upande wa Kondele. Vijana wa boda wamechanga, wakajenga kibanda cha mabati, na sasa wanataka kibao. Wao wanasema paandikwe STEJI. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akasimama akasema hilo si neno la Kiswahili, paandikwe KITUO CHA BODABODA, la sivyo yeye hatoi hata shilingi ya rangi. Tukatawanyika bila kuelewana. Naleta kesi kwenu. (Msiniulize kama mimi nimetoa ya rangi.)

Niseme langu kwanza. Lile neno la Waingereza, "stage", ni kama kiondo cha mama anayetoka soko la Kibuye: omena, nyanya, sabuni, vyote humo humo. Ni jukwaa la waigizaji. Ni awamu ya mradi. Ni kipande cha safari. Ni daraja la ugonjwa. Hata kupanga tukio la uongo lionekane la kweli, wao wanatumia neno hilo hilo. Nimelifuatilia asili yake: walilitoa kwenye Kifaransa cha kale, ambacho nacho kililitoa kwenye kitenzi cha Kilatini cha kusimama. Lilianza likiwa ghorofa au sakafu iliyoinuliwa, ndipo waigizaji wakapanda juu yake. Kisha likaingia barabarani. Magari ya farasi kule Uingereza yalikuwa yakisimama kila baada ya maili 10 au 15 hivi kubadilisha farasi, na pale pa kusimama, pamoja na kile kipande cha njia, vyote vikaitwa jina hilo. Mabasi yalipokuja, nauli ikapimwa kwa vipande vivyo hivyo. Kwa hiyo abiria wa Nyamasaria anayemwambia makanga "nishukishe steji" anatumia neno la watu wa farasi, ila farasi hayupo.

Limetembea hivyo likafika hapa. Kulifukuza leo ni kujichosha. Mimi niko na vijana.

Mwalimu, Kakamega

Ndugu, safari ya neno ni tamu kuisikiliza, lakini hailigeuzi kuwa letu. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kibao kilicho mahali pa umma kinafundisha kila mtoto anayepita. Darasani nina jukwaa, nina maelekezo ya jukwaani, nina awamu, nina hatua, nina kituo. Kila kitu na jina lake. Mwanafunzi akiniletea insha yenye "steji" ninaipiga mstari mwekundu, kisha jioni anapita kwenye kibao chenu, anauliza mwalimu alikuwa anasema nini.

Tena kituo ni neno zuri. Linatokana na kutua, kama mtu anayetua mzigo kichwani.

Mtu wa boda, Kondele

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mmoja wa hao vijana, ingawa nina watoto watatu.

Steji si mahali peke yake. Steji ni watu. Ukitaka kubeba abiria hapo unalipa kiingilio, unaandikwa, unamjua mwenyekiti, unajua foleni. Mwenzetu akigongwa, steji inachanga. Akifiwa, steji inaenda matanga. Mtu akiiba mzigo wa mteja, steji inamtafuta. Sasa nitasema "kituo kilichanga"? Kwetu ukisema kituo, mtu anajua umeshikwa, na boda yako iko huko imefungwa na nyororo.

Mfanyabiashara wa Mwanza, niko Kisumu miaka sita

Nacheka tu. Wakenya mkibishana hivi mnatutaja sisi Watanzania kama watu wasiokopa. Sisi daladala zinasimama kituoni, sawa, lakini mabasi ya mkoani yanaondoka stendi. Stendi ni nini kama si Kiingereza? Nanyi hapa, reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, mlipokea stesheni, na sijasikia mwalimu yeyote akiikataa. Steji, stendi, stesheni, ukizichimba zote ni ukoo mmoja wa kusimama. Mmeoa dada wawili, wa tatu mnamfungia mlango.

Mwalimu, Kakamega

Stesheni iliingia kamusini. Steji iingie nayo kwa mlango huo huo, sitaipinga. Kibao si mlango.

Mwanzisha mada, Kisumu

Mwalimu, kwa heshima, neno huingia kamusini kwa sababu watu wanalisema, na hawa wanalisema tangu alfajiri mpaka usiku. Na hilo la "kila kitu na jina lake" sikubali. Kituo chenyewe kina polisi, kina afya, kina kura, kina mafuta, na kwenye maandishi ni pale msomaji anapopumua. Nacho ni kiondo tu.

Muuguzi, Nakuru

Naomba niwatoe barabarani kidogo, maana mahali neno hili linaumiza si kwenye kibao.

Mimi niko wodini. Katika chumba cha kujifungulia tunalitumia kwa mambo matatu: njia kufunguka, mtoto kutoka, kondo kutoka. Kwa mgonjwa wa figo kuna steji tano, kwa saratani kuna nne. Basi wagonjwa wawili wanakaa kwenye benchi moja, kila mmoja ameambiwa "ya nne". Wa figo bado ana ya tano mbele, ile ambayo figo zimeshindwa na mara nyingi ndipo mashine ya kusafisha damu inapoingia. Wa saratani, ya nne maana yake imeshasambaa mbali na pale ilipoanzia. Namba moja, habari mbili, na wote wanaitikia "sawa daktari".

Huko wodini ningependa Mwalimu ashinde. Tuseme Kiswahili.

Mwanzisha mada, Kisumu

Muuguzi, umenigusa pabaya. Sikutaka kulisema hili, lakini basi.

Mama yangu mdogo, wa huko Ahero, alipelekwa hospitali fulani, sitaitaja. Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na aliepuka Kiingereza kwa makusudi. Akamwambia, "Mama, ugonjwa wako uko hatua ya nne." Kiswahili kizuri kabisa, Mwalimu angempa alama zote. Mama akarudi nyumbani akatupigia simu mmoja mmoja: "Nimefika hatua ya nne, zimebaki ngapi?" Dada yangu, ambaye hakuelewa anaulizwa nini, akamwambia nne ndiyo ya mwisho. Mama akamshukuru Mungu. Alidhani ni hatua za matibabu! Wiki mbili nzima alikuwa anapanga miche ya mpunga, kwamba akimaliza tu, anaingia shambani.

Si kosa lake. Hatua ni mguu kwenda mbele. Mtoto akianza kutembea, amepiga hatua. Kijiji kikipata maji, kimepiga hatua. Nani angesikia "umefika hatua ya nne" akaanza kulia? Angeambiwa "steji ya nne", angalau angeuliza, "Steji gani tena, ya Kondele?" Na hapo daktari angelazimika kueleza.

Ndiyo maana sikimbilii tafsiri. Barabarani steji haimdanganyi mtu. Hospitalini, hatua ilitudanganya sisi sote, na ilikuwa Kiswahili sanifu.

Mwalimu, Kakamega

Pole sana, ndugu. Pole kwa mama.

Hapo nakubali "hatua" halifai. Ningesema "kiwango cha kuenea". Kuhusu kibao bado nakataa.

Mtu wa boda, Kondele

Pole bosi. Kibao tumeamua kuandika namba ya simu ya mwenyekiti na picha ya pikipiki, mpaka mmalize. Wateja wanakuja tu.

Mfanyabiashara wa Mwanza

"Kiwango cha kuenea cha nne"? Mwalimu, hapo mgonjwa atarudi nyumbani kutafuta kamusi. Muuguzi, wewe unawaambiaje?

Muuguzi, Nakuru

Namba naiacha kwenye faili. Nakaa chini, kwa sababu ukisimama hawaulizi. Nasema, "Mama, ugonjwa ulianzia kwenye titi. Sasa umetoka hapo, umefika kwenye ini." Naweka mkono pale ini lilipo, kwenye mwili wangu mimi. Halafu nanyamaza, mpaka yeye aulize.