Tunahama Jumamosi na nyumba nzima imenuna. Nifanyeje wacheke tena?

Baba Pacha (Jumanne)
Wakuu, heshima zenu. Jumamosi hii tunahama Tabata kwenda Chanika, kwenye kibanda chetu wenyewe, vyumba viwili na sebule. Ilitakiwa iwe furaha, lakini nyumba imekuwa kama ina msiba. Mke wangu anafungasha kwa hasira, jana kafunga sufuria ya ugali ikiwa bado na ukoko. Mapacha wanagombania nani atalala dirishani, na dirisha lenyewe bado limezibwa kwa matofali. Mkubwa wao, wa darasa la saba, haongei na mtu. Mama mkwe amekuja kutusaidia, na kila kitu kikivunjika anasema "Bismillahi" halafu ananiangalia mimi.

Sisi tulikuwa watu wa kucheka. Mke wangu nilimpata kwa kumchekesha kwenye foleni ya maji. Sasa nikitupia neno anageukia ukutani. Mliohama na familia, mlifanyaje watu wakacheka? Sitaki kejeli, nina hali ngumu kweli.

Konda Mstaafu
Hongera kwa kuachana na kodi, mkuu. Mimi 2014 nilihama Manzese kwenda Kivule, mama watoto kaninunia wiki mbili. Pale Gongo la Mboto godoro likaruka kutoka kwenye kirikuu. Tunarudi nyuma, tunakuta muuza mahindi keshajilaza juu yake, eti analilinda. Mke wangu akashuka, akamsimamia kichwani: "Kaka, hebu amka, huo upande ni wangu." Tulicheka mpaka dereva akazima gari. Kwa hiyo usitafute mbinu. Funga godoro vibaya, mengine mwachie Mungu.

Mwalimu wa Zamu
Mimi nabaki kwa huyo wa darasa la saba. Ameshasajiliwa hapo alipo na mtihani ni Septemba. Kutoka Chanika kuwahi Tabata ni kuamka saa kumi, agombanie daladala mpaka Gongo la Mboto, pale agombanie nyingine. Atakuwa anasinzia darasani. Mtafutie ndugu huko huko akae mpaka amalize. Mtoto huyo hana haja ya kuchekeshwa, anataka kujua Jumatatu atatokea wapi kwenda shule.

Baba Pacha
Asante sana mwalimu. Shangazi yake yuko Segerea, naongea naye leo leo.

Binti Pangani
Shikamoo Baba Pacha. Swali tu. Nyumba haina dirisha, mtoto ana mtihani karibuni. Nini kinawakimbiza Jumamosi hii?

Baba Pacha
Marahaba. Kodi inaisha mwisho wa mwezi, na mwenye nyumba anaitaka nyumba yake.

Binti Pangani
Anaitaka yeye, au hamjamlipa?

Tajiri wa Kesho
Mkuu, umeme umeshavuta? Mimi 2022 nililipa 320,960, kwa sababu nguzo ilikuwa ndani ya mita 30. Jirani yangu hatua chache mbele yangu aliambiwa anahitaji nguzo, bei ikapanda. Pima kwa kamba kabla hujaenda ofisini. Na mita ya LUKU ikishafungwa usishtuke ukikatwa kodi ya jengo humo humo, ndiyo utaratibu tangu 2021.

Binti Pangani
Baba Pacha, sijajibiwa.

Baba Pacha
Sawa, naeleza. Kikoba cha mke wangu kilivunjwa mwezi uliopita, akapata laki sita. Akanipa zote, nami niongeze laki sita yangu tulipe kodi ya miezi sita. Nilitoka na hela mfukoni, kweli nilikuwa nakwenda kulipa. Nikapita duka la vifaa vya ujenzi nikakuta bati za geji 28 zimeshuka bei. Mbao zangu zilipigwa mwaka jana, zimenyeshewa masika nzima, zinaanza kupinda. Nikanunua.

Nyumbani nikasema mama mwenye nyumba kaikataa kodi, eti anamwandalia chumba mwanawe anayeoa. Tangu siku hiyo mke wangu hamsalimii yule mama. Anapita uani na ndoo kama hakuna mtu. Yule mama ananivuta pembeni: "Baba Pacha, mwenzio nimemkosea nini?" Namjibu ni uchovu wa kufungasha.

Lakini jamani, hela sikunywea. Ipo juu ya paa lao. Ningelipa kodi, mwakani tungekuwa palepale. Kirikuu nimeshaitangulizia elfu hamsini, kurudi nyuma haiwezekani. Nilichoomba ni namna ya kurudisha kicheko.

Mtu Pori
Hii ni chai, tena ya rangi. Mwezi wa tatu huyu bwana alifungua uzi wa pikipiki ya mkopo, akaandika "sisi mabachela". Leo ana mapacha na mtoto wa darasa la saba! Halafu kirikuu gani inabeba nyumba nzima?

Konda Mstaafu
Kirikuu usiiguse, ndugu. Kitanda cha sita kwa sita kinafunguliwa, mbavu zinasimamishwa pembeni, kabati linalazwa, makochi yanapandishwa juu miguu ikiangalia mbingu. Tripu mbili umemaliza.

Mtu Pori
Sijauliza makochi. Nimeuliza bachela.

Tajiri wa Kesho
Hata mimi naanza kunusa tangawizi. Tuwekee picha ya hizo bati.

Baba Pacha
Uzi wa pikipiki nilimwandikia mdogo wangu, simu yake ilikuwa kwa fundi. Picha siweki, shemeji yangu yumo humu, ataijua nyumba. Anayeona natunga apite, mimi usingizi sina siku ya nne.

Binti Pangani
Awe anatunga au hatungi, mimi hadithi hii naijua kutokea upande wa pili. Mama yangu ana wapangaji. Kuna mmoja alimnunia miezi mitatu, akahama bila kuaga. Mpaka leo mama akikaa kupeta mchele anauliza, "Hivi yule dada nilimfanya nini?"

Kaka yangu, Jumamosi huyo mama atatoka kuwaaga. Mkeo atamwambia, "Hongera kwa harusi ya mwanao." Yule mama atajibu, "Harusi ipi?" Na mama mkwe wako atakuwa amesimama hapo hapo na beseni kichwani. Mwambie kabla.

Konda Mstaafu
Dada kagonga penyewe.

Baba Pacha (Ijumaa)
Nimemwambia jana usiku. Sikuzunguka. Hakupiga kelele. Alijifunga khanga, akatoka nje saa nne ile. Nikajua anakwenda kuita watu. Nikasikia anabisha hodi kwa mama mwenye nyumba.

Nilikaa juu ya gunia la vyombo, taa nimezima. Mwanzo kimya. Halafu nikasikia kilio, sijui cha nani. Halafu vikombe. Baadaye sana nikamsikia mke wangu akicheka. Kile kicheko chake cha foleni ya maji, kinachoanza puani. Na yule mama akimfuatishia: "Eti mwanangu anaoa! Yule aliyekataa mwenyewe, mtu mzima na mvi!" Mama mkwe alikuwa macho, akasema "Bismillahi", akajifunika shuka.

Aliporudi hakunisemesha. Aliuliza tu kirikuu inakuja saa ngapi.

Binti Pangani
Alhamdulillahi. Na ile laki sita yake?

Mtu Pori
Naiacha chai, mkuu nisamehe. Nasubiri jibu.

Baba Pacha (wiki tatu baadaye)
Samahani kwa kuchelewa, huku chaji naomba kwa jirani. Mkubwa yuko Segerea kwa shangazi yake, anakuja Ijumaa jioni.

Laki sita ni deni. Siku ya kwanza tu mke wangu alichukua mkaa, akaandika 600,000 kwenye ukuta wa sebule ambao haujapigwa plasta, tarakimu kubwa, mbele ya mlango. Nikipunguza anafuta kwa kitambaa kibichi, anaandika upya. Sasa hivi inasomeka 540,000. Jana mjumbe alikuja kutuandikisha. Akavaa miwani, akatoa daftari, akaanza kunakili: "Nyumba namba mia tano arobaini elfu..." Mke wangu alicheka mpaka akaenda kushika nguzo ya mlango, akaniangalia, na mimi nikacheka.