Mafuriko Lindi: tuhame kulala au tuhame na kazi?

Mtu wa Bondeni
Wadau, tuliongee hili. Kijiji chetu kipo mdomoni mwa mto, huku Lindi. Maji yalikuja alfajiri ya bamvua: mto umefurika, bahari nayo imejaa, maji yakakosa pa kutokea yakaingia majumbani. Nyumba za miti na udongo zimelala. Sasa kuna hoja mkutano mkuu wa kijiji: wote wa bondeni wapewe viwanja mlimani, kilomita kama nne kutoka pwani, na chini pasiguswe tena. Mimi nasema tuhame kulala, kazi ibaki chini. Mkipiga marufuku kila kitu, watu watarudi kimyakimya.

Mkaa Kilwa
Mkuu, Januari 2020 huku Kilwa mafuriko yaliua watu. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, tukawa kisiwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni na baharini. Unataka nini tena? Hameni.

Bi Mwani
Mwanangu wa Kilwa, mwani umeuanika, wingu linatanda. Ukinyeshewa umeharibika, hakuna wa kuununua. Mimi niko kilomita nne, nakimbia na miguu ipi? Na mwani wenyewe maji ya mto yameshaua, sasa hivi tunatafuta mbegu na kamba. Hilo mbona halijaletwa mkutanoni?

Kijana wa Mikindani
Pandeni mikoko, mambo yaishe.

Mtu wa Bondeni
Mdogo wangu, mikoko hupunguza nguvu ya wimbi la bahari. Sisi maji yametujia kwa nyuma, kutoka bara. Ipandwe, sawa, lakini isituondoe kwenye hoja.

Mzee wa Korosho
Wanangu, mimi nilishahamishwa. 1974, Operesheni Vijiji. Tuliambiwa huduma zinafuata. Mikorosho tukaiacha kule, porini, moto ukaimaliza. Sipingi mlima. Napinga kuhama kwa maneno ya mdomo. Kiwanja kiwe na hati, kisima kichimbwe kabla, ndipo mniite nibebe kitanda.

Mkaa Kilwa
Shikamoo mzee. Hapo kwenye hati nakubali. Ila hivyo vibanda vya chini vitageuka nyumba, mnajua wenyewe. Leo kibanda, kesho jiko, keshokutwa mtoto kalala humo.

Mtu wa Bondeni
Marahaba naiitikia kwa niaba ya mzee, ha! Hofu yako ina ukweli, mkuu, wavuvi wa usiku hulala na vyombo vyao. Lakini sheria uliyoitaja inasema shughuli *za kudumu*. Banda la makuti la kuwekea kamba na nyavu lina udumu gani? Tuandike kwenye sheria ndogo za kijiji: chini hakuna ukuta wa tofali, hakuna choo, masika watoto hawalali huko. Na Bi Mwani yuko sahihi, mbegu ziwe ajenda ya kwanza, kabla ya viwanja. Mkutano ni Jumamosi. Mwenye kijiji chenye sheria ndogo ya namna hii atuwekee hapa maneno yake yalivyo.