Ushauri: TV inchi 75 au 65? Bajeti milioni moja na nusu

Kinda_Mabibo
Habari za jioni wakuu. Naombeni ushauri maana kichwa kimejaa. Nataka kuvuta TV kubwa ya sebuleni, nimezunguka Kariakoo mpaka miguu inawaka moto na kila duka linasema lake, huyu anakwambia chukua QLED, huyu anakwambia QLED ni jina tu chukua 4K ya kawaida, mwingine anasema 65 inatosha, mimi roho inataka 75. Bajeti milioni moja na nusu, nikijikamua sana moja na laki sita. Ipi haitanisumbua? Majibu ya haraka tafadhali, muda umenibana.

Fundi_Sakiti
Kabla ya brandi, kutoka kwenye kochi mpaka ukutani ni mita ngapi? 75 upana wake ni kama sentimita 166, 65 ni kama 144. Ukiikalia chini ya mita mbili na nusu hiyo 75 utakuwa unageuza shingo kufuata mpira. QLED sio uongo, ni LCD yenye taa nyuma kama zingine ila ina tabaka la ziada linalokoleza rangi. OLED ndo habari nyingine, kila nukta inajiwakia yenyewe, ila kwa bajeti hiyo tuiache dukani. Na 75 mpya ya brandi inayojulikana kwa milioni na nusu mi sijaiona.

Kisu_Butu
Milioni na nusu TV, wenzio tunahesabu bati.

Mama_Wawili
Mume wangu alileta 65 kwenye nyumba ya kupanga, nikamuuliza itakaa wapi, akabeba kabati langu la vyombo akalitoa nje likakaa koridoni. Mpaka leo nikitaka sahani natoka nje ya sebule, watoto wakipita wanaligonga vikombe vinalia, na yeye mwenyewe akirudi anasinzia taarifa ya habari haijaisha. Sijui mna nini na TV nyie wanaume.

Kinda_Mabibo
Shukrani Fundi. Umbali sijapima ila sebule kubwa tu.

Fundi_Sakiti
Hujapima vipi na upo ndani? Hesabu hata kwa hatua.

Kinda_Mabibo
Kwa sasa sipo karibu na hiyo sebule mkuu. Tuseme mita nne.

Mzee_wa_Chole
Kijana, unatuzungusha. Sebule ya nani?

Kinda_Mabibo
Haya. Ya baba mkwe. Muheza. Jumamosi napeleka mahari. Mshenga aliporudi alisema mzee mpenzi wa mpira sana, na yule aliyemuoa dada mtu alishapeleka 55 na ndo inasifiwa ukoo mzima. Kwenye orodha ya mahari TV haipo, hakuna aliyeniomba, lakini siwezi kuingia pale na mikono mitupu halafu wanioneshe TV ya mwenzangu ukutani. Sasa msinihukumu, nijibuni 75 au 65.

Mzee_wa_Chole
Ukianza na 75 kabla ya ndoa, mtoto wa kwanza akizaliwa utapeleka nini, jenereta? Mimi mahari yangu ilikuwa hela kidogo na mkeka, na mke ninaye mpaka leo. Wakwe wanaangalia kijana anavyosalimia, inchi haziwahusu.

Kisu_Butu
Mzee mkeka ulikuwa inchi ngapi? 😂

Muheza_Damu
Mi mtu wa huko huko Muheza. Nyumba za wazee nyingi ni za udongo zimepigwa plasta juu, ukitoboa, fisha ya kushikia skrubu inatoka na bonge la ukuta, na 75 ina kilo thelathini na kitu, hiyo ya kutundika sahau. Ukisema uiweke mezani, nyingi miguu yake ipo mwisho kabisa huku na huku, meza ya kawaida haifiki. Afadhali uulize kwanza mzee anakaa kwenye nyumba gani. Na umeme wa kule unapanda na kushuka, usipeleke bila TV gadi.

Kinda_Mabibo
Meza nitachongesha. TV gadi ipo kwenye bajeti.

Dada_LUKU
Kuna kitu hamjasema. Kama mzee yupo kwenye D1, ile bei nafuu ya yuniti 75 kwa mwezi, hiyo TV itamtoa huko. Piga hesabu, wati 150 mara masaa nane ni yuniti 1.2 kwa siku, mwezi ni 36, karibu nusu ya mgao wake imekwenda kwenye mpira, bado friji na pasi. Akizidisha anahamishiwa bei kubwa, halafu lawama kwa mkwe.

Kinda_Mabibo
Nitakuwa namtumia LUKU kila mwezi, hilo dogo.

Fundi_Sakiti
Una jibu la kila kitu, ina maana ushanunua.

Kinda_Mabibo
Sijanunua. Nimetanguliza tu laki tatu. Kuna jamaa ana 75 mtumba, ameishusha kutoka Zanzibar, milioni moja na laki mbili, nimeiona ikiwaka kwenye video na picha ni kali hatari. Dukani kwa hela hiyo napata 55 tu, nitakuwa nimefungana na mwenzangu.

Fundi_Sakiti
Kwenye video hata maiti anatembea. Nenda na flashi yenye picha nyeupe tupu na nyingine ya kijivu, iwake nusu saa, angalia pembeni na katikati kama kuna kivuli au mistari, taa za nyuma zikichoka zinajitaja hapo. Kioo kikifa usiongelee ufundi, bei yake inakaribia TV yenyewe. Isafirishwe imesimama, usiilaze, na buti la basi ondoa kichwani.

Kisu_Butu
Akodi kirikuu mpaka Muheza, ni bei ya 55 nyingine.

Mtazamaji_Kimya
Samahani, hii ni chai, stori ya kutunga. Mtu anajua bei, anajua ilikotoka, anajua picha ni kali, ila hajui sebule ina mita ngapi. Baba mkwe hapa hayupo. Huyu ndiye muuzaji, ana 75 imemkalia ndani, anapima upepo.

Dada_LUKU
Nimepitia nyuzi zake za nyuma, mwezi wa tatu aliuliza bei ya sabufa mtumba.

Kinda_Mabibo
Sabufa nilikuwa nanunua!

Mtazamaji_Kimya
Weka picha ya risiti ya hiyo laki tatu.

Kinda_Mabibo
Nilimtumia kwa simu, meseji nilishaifuta, simu imejaa. Jamani kweli mtu atunge mshenga?

Mama_Wawili
Mi namwamini. Hakuna muuzaji atakayejitungia baba mkwe, angejitungia mjomba wa Ulaya.

Mzee_wa_Chole
Hata kama ni chai, ushauri wangu wa mkeka uko pale pale.

Banda_Mbagala
Nyie endeleeni na kesi, mi nina banda la mpira, inchi 50 yangu watu wa nyuma wanaona jezi tu, namba hawaoni. King'amuzi kinatoa HD tu hivyo ule ukali zaidi wa picha wa 4K kwangu sio hoja, nataka ukubwa. Kinda, kama we ndo muuzaji sema. Kama sio, nipe namba ya jamaa, kesho asubuhi naenda na Fundi akaipime, nalipia soda.

Kinda_Mabibo
Mkuu hiyo ina advansi yangu.

Banda_Mbagala
Laki tatu yako nakurudishia mimi mkononi, na hamsini juu ya usumbufu.

Fundi_Sakiti
Soda hapana, nauli na supu.

Mtazamaji_Kimya
Si nilisema? Wateja hao wameshaanza kugombana.

Kinda_Mabibo
Hamsini ndogo. Ngoja kwanza nimpigie mshenga nimuulize ile 55 ni brandi gani.