Nilipiga kura hapa Uganda 2016 na mimi si raia, sasa nimeitwa Jumatatu

Mpwani wa Kikuubo:

Asalaam aleikum jamani, poleni kwa kuwasumbua usiku. Nina siku 3 sijalala. Wanaonijua wanajua niko Kampala tangu 2007, nauza leso na madera, mtu wa Mombasa Majengo asili na fasili. Sasa 2014 ile kampeni ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa cha Uganda, mwenyekiti wa LC wetu, baraza la mtaa, alipita nyumba kwa nyumba akisema kila mkaaji wa zoni aje shule ya msingi aandikwe. Nikaenda. Kijana wa kompyuta akaniuliza kabila, nikamwambia Mswahili, akashuka na kidole kwenye orodha yake mara 2 hakuona. Akauliza mwenye nyumba wako kabila gani, nikasema Msoga. Akabonyeza Msoga. Akanipigisha picha, akachukua vidole, nikatia sahihi, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu na mtoto mgongoni analia.

Kadi ikaja. Februari 2016 jina langu liko kwenye daftari pale pale shuleni, majirani wakasema twende, nikaenda nikapiga. 2021 sikwenda. 2022 nikajiandikisha ubalozini kwa pasi yangu ya Kenya nikapiga ya rais wa kwetu.

Juzi nimeenda ofisi moja hapa mjini kutengeneza kibali, bibi wa dirishani akaweka kidole changu kwenye mashine, akanyamaza, akamwita mkubwa wake. Wakaniambia wewe ni raia hapa, na pasi ya Kenya unayo, na kura umepiga, mojawapo ni jinai. Niende Jumatatu na karatasi zote orijino. Swali langu ni moja: niende nikaseme ukweli wote na kadi niirudishe, au ninyamaze wao ndio waulize? Kuna aliyepitia hii?

Fundi Ndeeba:

Pole sana dada. Kwanza tulia, kadi si kura. Kuwa na ndaga muntu haimaanishi umejiandikisha kupiga kura, hayo ni mambo 2 tofauti, labda wamechanganya.

Mwanafunzi wa Sheria, Wandegeya:

Kaka Fundi samahani lakini usimpotoshe. Kwa uchaguzi wa 2016 daftari la wapiga kura lilitolewa kwenye data ya vitambulisho. Waliofika miaka 18 wakaingizwa. Kwa hiyo dada aliingia bila kujaza fomu yoyote ya uchaguzi. Dada angalia NIN yako, ile namba ya kitambulisho, ikianza na CF basi ile C ni ya raia na F ni mwanamke. Katiba ya Uganda kifungu cha 59 inasema mwenye haki ya kupiga kura ni raia wa Uganda wa miaka 18 na zaidi, basi, hakuna mkaaji wala mlipa kodi hapo.

Fundi Ndeeba:

Nimekaa hapa miaka 22, wewe ulikuwa hujazaliwa. Na mtu akikaa miaka 10 anakuwa raia, hilo kila mtu analijua.

Mwanafunzi wa Sheria, Wandegeya:

Shikamoo mzee, sikukusudia kukuvunjia heshima. Lakini miaka 10 inakupa haki ya KUOMBA kusajiliwa, na uwe uliingia na kukaa kihalali. Hujaomba, hujapewa cheti, wewe si raia hata ukae miaka 40.

Msamia wa Busia:

Hii maneno ya kabila ndio shida yenyewe. Katiba ina ile orodha ya makabila ya raia wa kuzaliwa, yaliyokuwa ndani ya mipaka ya Uganda tarehe 1 Februari 1926, sasa yako 65. Sisi Wasamia tumo, mimi nimezaliwa upande wa Kenya, shangazi yangu yuko upande wa Uganda, ukisimama kwake unaona moshi wa jikoni kwetu. Yeye raia, mimi mgeni, na nyanya yetu ni mmoja. Waswahili hawamo. Wamaragoli wa Kiryandongo wako huko tangu miaka ya 1950, wamezika wazazi huko, na hawamo. Kwa hiyo huyo kijana wa kompyuta hakuwa na pa kumweka dada yetu, angemwambia tu nenda nyumbani wewe ni mgeni. Akamtafutia pa kumficha. Sasa nani mwenye kosa?

Mama Wawili, Entebbe:

Mwenye kosa ni aliyetia sahihi, mdogo wangu, ndivyo wanavyoangalia. Mimi dada yangu yuko Texas, na kule hawachezi na hii. Mtu ambaye si raia akipiga kura ya serikali kuu ni jela mpaka mwaka 1, akidanganya kuwa ni raia ili ajiandikishe ni mpaka miaka 5, na baada ya hapo anafukuzwa nchini. Ile fomu ya uraia ya N-400 inakuuliza wazi umewahi kujiandikisha, umewahi kupiga kura. Kuna mama mwenye green card, kile kibali cha kukaa daima, aliletwa Marekani akiwa mchanga, alihukumiwa miaka 8 mwaka 2017 kwa kupiga kura, hiyo ni kwa sheria ya jimbo la Texas lenyewe. Dada yangu alipoenda kuchukua leseni ya gari na kuulizwa kama anataka kuandikishwa kura, alikataa mpaka akatetemeka.

Mwanafunzi wa Sheria, Wandegeya:

Mama umesema kweli, lakini usiache nusu nyingine. Hapo hapo Texas kuna mama mwingine aliyehukumiwa miaka 5 kwa kura ya 2016 ambayo hata haikuhesabiwa, na 2024 mahakama ya rufaa ikamwachia kwa sababu haikuthibitishwa kwamba ALIJUA haruhusiwi. Hilo neno kujua ndilo la kushika. Dada, wewe ulijua?

Fundi Ndeeba:

Hapa si Texas.

Mzee wa Kansanga:

Wanangu, mimi ni mtu wa Unguja, kwetu uraia wa nchi 2 hakuna kabisa na aliye nje hapigi kura. Nyinyi Wakenya mnapiga kura ya rais mkiwa hapa tangu 2013, shukuruni. Nakumbuka mwanzo wa 2008, katika fujo za uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa kule Kibera na petroli hapa Kampala ikapaa, boda ikawa haishikiki, ndipo nikajua kura ya jirani inaingia mpaka kwenye sufuria yangu. Mimi ya mwisho nimepiga kwetu nikiwa kijana. Asubuhi ile tulikunywa uji wa pilipili manga, baba akavaa kanzu yake ya Ijumaa na siku yenyewe haikuwa Ijumaa. Natamani nipige moja tena kabla sijafa, mahali ambapo jina langu limeandikwa kwa haki.

Mama Wawili, Entebbe:

Allah akujaalie mzee wangu. Umenitoa machozi.

Msamia wa Busia:

Na ubalozi wetu nao, kutoka Mbale mpaka Kampala kwenda kupiga kura ya mtu mmoja tu, rais, wala si gavana wala mbunge. 2027 waangalie hilo.

Fundi Ndeeba:

Gavana wa wapi sasa, utampigia gavana wa Busia ukiwa Mbale? Fikiria kwanza ndugu yangu.

Mpwani wa Kikuubo:

Nimewasoma wote, Mungu awalipe. Mwanafunzi umeniuliza kama nilijua. Nilijua mimi ni Mkenya. Sikujua kwamba kubonyezwa Msoga ni kufanywa raia, nilidhani ni kuhesabiwa watu wa mtaa. Siku ile ya kura nilitoka na wino kidoleni nikaona fahari, majirani wakanipigia vigelegele, nilihisi baada ya miaka 9 nimekuwa mtu wa hapa. Hilo siwezi kulikana mbele ya mtu yeyote.

Lakini bado hamjaniambia kadi niirudishe au la. Jumatatu saa 3 asubuhi niko dirishani. Nimeshaweka kwenye bahasha pasi, kitambulisho cha Kenya, ndaga muntu, na cheti cha kuzaliwa kimeletwa leo na basi kutoka Mombasa. Kama kuna anayemjua wakili anayesikia Kiswahili, aniandikie kabla ya Jumapili usiku.